Mtindi Wangu Hauuzwi Bila Cheti

Leo nimemnyima mtu mtindi hapa sokoni Ngara, na roho yangu kwatu!

Ni yule mwenye duka la dawa.

Mwaka jana nilimwendea na kikohozi, akaniuzia antibiotiki mara tatu mfululizo. Nikamwambia sina cheti cha daktari.

Akacheka. "Cheti cha nini, mama?"

Niliharisha miezi miwili, jamani. Daktari akasema zile dawa zimeua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wakatawala.

Leo kaja kajishika tumbo. Kumbe na yeye kazimeza zilezile!

"Mama, nimeambiwa ninywe mtindi, unirudishie bakteria wazuri."

Nikafunika ndoo.

"Cheti kiko wapi?"

Kakimbilia hospitali, kabana magoti. Nimekosea, wenzangu?

Akirudi nacho nitakisoma polepole sana. Miwani nimeisahau nyumbani Keza.