Ramani Iliyotiwa Plastiki

Nakusanya ramani kuukuu za magharibi ya Marekani, zilizochorwa karne ya kumi na tisa, wakati walowezi ndio kwanza wanasogea huko. Watu wa Tanga tunaokutana hapa Wheaton, huku huku Marekani, hunicheka: "Mwenzetu kanunua mashamba ya watu kwenye karatasi!" Wacheke tu. Ninayoipenda kuliko zote niliipata mji wa Herndon, kwenye nyumba ya marehemu mmoja, watoto wake wakiuza vitu vyake. Rangi zilipakwa kwa mkono, na upande wa kushoto mchoraji kaacha peupe.

Mama alikuja kwangu baada ya baba kufariki. Nilimbembeleza abaki moja kwa moja, maana kule Tanga hana tena wa kumwangalia. Akasema, "Ngoja kwanza nione kama nyumba yako inanikalisha." Ramani ile aliipenda mno. Akaweka kidole pale peupe: "Na wenyewe waliokuwa wakikaa hapa, wamewaweka wapi?" Nilifurahi kupata mtu wa kuitazama naye.

Basi jioni moja narudi kazini, nakuta ramani mezani inang'aa. Mama kaipeleka dukani na jirani yetu Mkongo, ikatiwa plastiki ile ya moto, kama tunavyofanya vyeti nyumbani. Karatasi ikishashikwa na gundi ile haitoki tena. Pembe moja ilikuwa imejikunja, na mkunjo umenasa humo humo.

"Mama! Umeiua!" Nilipiga yowe, nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Alishtuka. "Ilikuwa inachanika, mwanangu. Cheti chako cha kuzaliwa si nilikifanya hivi hivi? Mpaka leo unacho."

Kweli ninacho. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, tukala. Lakini jamani, hasira bado ninayo, na nikiiona ramani ile roho inaniuma. Nimeificha uvunguni mwa kitanda.

Mama alikuwa na desturi ya kuamka kabla yangu, chai ya tangawizi naikuta tayari. Asubuhi iliyofuata sikusikia harufu yoyote. Nikamkuta jikoni kasimama mbele ya birika, mikono kaiweka nyuma.

"Mama, vipi? Nyumba yako hii."

"Ahsante," akasema, kwa adabu ya mgeni. Kisha akalitazama birika. "Na hili, mwanangu, naweza kuligusa?"