Sauti Niliyoifuta Guangzhou

Nisingekuwa nimekaa pale mimi mwenyewe, na mimi nisingeamini. Lakini niambie, nani anatunga jambo la kujiaibisha?

Nilikuwa Guangzhou na mkwe wangu Mwanaidi, mke wa mwanangu, miaka ya tisini inaishia, tunanunua mikoba kule Shiling, kwenye viwanda vya ngozi. Barabarani waliuza kaseti za Ulaya zilizotupwa, zimekatwa ubavuni kwa msumeno zisiuzike tena, kwa kilo kama viazi. Nikaokota moja ambayo mkanda wake ulipona, ina picha ya mzee mwenye ndevu na kofia ndefu nyeusi. Sauti ile jamani. Inapanda kama ya muadhini, halafu inavunjika kama ya mfiwa. Kila alasiri nikiisikiliza machozi yananitoka, na neno hata moja silijui. Mnunuzi mmoja Myahudi tuliyemkuta kiwandani aliiona picha akatuambia huyo ni mwimba sala wao, amekufa zamani. Akatualika Jumapili mchana hotelini, mwimba sala mwingine anakuja.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi, Mwanaidi akiwa bafuni, nikataka kumpelekea mwanangu Salimu barua. Kuandika sijui vizuri. Tulikuwa tunasema kwenye kaseti, tunampa msafiri. Kaseti tupu sikuwa nayo. Nikaziba vile vitundu vya kuzuia kurekodi vya ile ya mzee kwa karatasi ya gundi, nikasema juu ya sala yake: "Salimu, mwaka wa tatu huu wa ndoa. Mwanamke huyu gunia tupu. Mrudishe kwao, nimeshakuonea mwingine." Nikaitia mkobani, kesho yake nikaenda nayo hotelini, Mwanaidi kakaa kuliani kwangu.

Mwimbaji akaanza. Nikaitambua, sala ile ile. Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa kitupu. Kugeuka, mzee amekaa. Ndevu zile, kofia ile. Anaimba taratibu pamoja na mwenzake. Walipofika pale nilipofuta, mwimbaji aliendelea, mzee akafungua kinywa ikatoka sauti yangu. Kikohozi changu, kila kitu. "Mwanamke huyu gunia tupu." Ukumbi mzima umefumba macho unasikiliza wimbo. Mwanaidi peke yake aligeuka.

"Mama, si wewe huyo?"

"Mimi? Mdomo wangu umefungwa, unauona."

Niamini, aibu yangu kubwa ni hapo. Akashika tumbo kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa na mimba ya miezi miwili, anangoja tufike nyumbani anipe habari kwa heshima. Nilipotazama kushoto, kiti kitupu.

Kaseti ninayo mpaka leo. Sala imo nzima, neno langu hata moja halimo. Salimu hakusikia kitu, na mkewe hakumwambia. Afadhali angemwambia. Mjukuu wangu sasa, Ilala nzima hakuna mtoto kama yule, darasani wa kwanza. Huletwa kila Ijumaa, kaogeshwa, kapakwa mafuta. Mama yake hunipa shikamoo, kisha husimama mlangoni, mikono tumboni, mpaka mtoto amalize kunisalimu. Kulala kwangu, mtoto hajalala hata siku moja.

Wewe unayenisikiliza, ukiwa na la kumsema mtu, lisemee mbele yake akujibu. Usilifiche juu ya sauti ya marehemu. Atakurudishia, na wa kulisikia atamchagua yeye.