Siku Niliyodanganya Juu ya Bobini ya Gari ya Baba

Nianze na aibu yenyewe, maana najua mkiisikia kwa kaka yangu ataiongezea chumvi: mimi Zawadi, mwalimu wa fizikia, niliyeandika sheria ya Ohm ubaoni miaka kumi na saba bila kuchoka, niliunguza umeme wa gari katikati ya Bunia, siku ya arusi, mbele ya wanafunzi wangu, kwa sababu ya ohm. Mkitaka kucheka, chekeni. Leo hata mimi nacheka, ila siku ile sikucheka.

Gari ni ya marehemu baba. Ni gari ya zamani ya Wafaransa, rangi ya maziwa, taa za duara, na baba aliipenda kiasi kwamba mama alikuwa akisema kama nyumba ingeshika moto angejua nani angetolewa wa kwanza (na hakuwa anatania sana). Baba alipofariki, ndugu zangu walitaka iuzwe, mimi nikakataa, nikaichukua pamoja na ugonjwa wake. Ugonjwa ulikuwa visi platine, yale meno mawili madogo yaliyo ndani ya delko, kile kikombe kinachogawa umeme wa motere, yanayofunguka na kujifunga ili buji, zile plagi za kuwasha petroli, zipate moto. Kila mwezi yanaungua. Unaamka asubuhi, unazungusha ufunguo, gari inakohoa mara mbili inanyamaza, na mwalimu wa fizikia anaenda kazini juu ya pikipiki ya kukodi, mkono mmoja kwa dereva na mwingine kwa sketi.

Halafu Neema, binti wa kaka yangu, akapata mchumba, na alipokuja kunieleza mambo ya arusi akasema, "Tantine, miye sitaki ile majeep ya kukodi. Nataka gari ya babu."

Ningekataa vipi? Ndipo nikaamua kuweka alimaji ya elektroniki, kile kifaa kinachofanya kazi ya visi platine bila meno yoyote ya kuungua. Nikamwambia Jerome, fundi wa kule mtaa wa Saio aliyeitunza gari hiyo tangu baba yuko hai. Akakubali, lakini kwa sharti, na sharti lilihusu bobini, ile koili inayozidisha nguvu ya umeme kabla haujafika kwenye delko.

"Madame Zawadi, usinunue kwanza. Leta gari mardi tupime bobini. Hii bobini si ile yenye ilikuja na gari, kuna mutu aliibadilishaka. Na elektroniki haikubali kila bobini."

Jumanne hiyo nilikuwa nasahihisha mitihani. Sikwenda. Alhamisi nikaona arusi imefika, keshokutwa tu, nikaingia peke yangu kwenye duka la vipuri.

Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na nisimsingizie, alifanya kazi yake vizuri. Aliweka vifaa viwili juu ya meza. Kimoja chekundu, cha plastiki, kidogo, kinaingia chote ndani ya delko hata mtu akifungua kapo, kile kifuniko cha motere, hajui kama umebadilisha kitu. Kingine cha chuma, kizito, kina mapezi ya kupoza joto, na kinafungwa nje kwa skrubu. Chekundu kikanipendeza palepale, kwa sababu sikutaka kuharibu sura ya motere ya baba.

"Hii nyekundu ni nzuri," akasema, "lakini inaomba bobini ya trois ohms ao zaidi. Ya chini ya hapo itaiunguza. Bobini yako iko na ohm ngapi, mama?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema sijui. Kweli kabisa. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama wazazi wawili wa wanafunzi wangu, na mmoja akamwambia muuzaji, kwa heshima zote, "Huyu ni madame wa fizikia wa batoto yetu. Vitu ya ohm anavijua kuliko siye wote."

"Trois," nikasema.

Neno moja, tatu kwa Kifaransa. Nilisema kwa sauti ileile ya ubaoni, nikalipa, nikatoka kichwa juu.

Ijumaa nilikifunga mwenyewe, nikifuata karatasi yake (nimekua nikimwangalia baba, mikono yangu inajua pale ndani), na yale meno ya zamani nikayafunga ndani ya kitambaa nikayatupa kwenye buti ya gari. Gari ikawaka mara moja. Ilinguruma laini mpaka nikasikia machozi. Nikazunguka Saio mara tatu bila sababu yoyote, kisha nikawaandikia watu wote wa arusi kwenye simu kwamba gari ya akiba waliyokuwa wameiazima haina haja, wairudishe kwa mwenyewe. Kaka yangu akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba hiyo ni sayansi.

Jumamosi tukatoka. Mbele pikapu na fanfare, tarumbeta na ngoma, nyuma yake mimi na bibi arusi, nyuma yetu pikipiki zisizo na idadi. Nilivaa kitenge cha njano kipya, na viatu virefu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya kukanyaga pedali. Jua lilikuwa kali, mwendo wa kinyonga, tunasimama kila saa kwa ajili ya picha, motere inawaka. Tulipofika katikati ya bulevari gari ikaanza kukohoa. Nikakanyaga mafuta. Ikakohoa tena, nikakanyaga zaidi, na petroli ambayo haikuwa imeungua ikajaa ndani ya ekzosi, na ekzosi ikalipuka.

Pah. Kisha ya pili. Kisha kimya, gari imekufa.

Nilipoinua macho bulevari nzima ilikuwa imelala chini. Wapiga tarumbeta wako ndani ya mtaro. Pikipiki zimelala, watu wako nyuma yake. Kwa siku ya arusi mtu angetegemea kicheko, lakini ninyi mnajua sauti hiyo, kama ya risasi, kwetu ina maana gani. Kando ya barabara mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma alikuwa amemfunika mtoto wake kwa mwili wote. Nikashuka nikamkimbilia, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Ni gari, mama. Ni gari tu. Unisamehe."

Akainuka polepole, akamfuta mtoto vumbi, akaniangalia.

"Siye tulikimbia hii sauti kule Djugu," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Tulifikiri tumeiacha."

Nilimwomba radhi tena, na kama ardhi ingepasuka wakati ule ningeingia mwenyewe bila kusukumwa.

Halafu watu wakaanza kusimama, na waliposimama hasira ikasimama nao. Polisi akaja kuniambia niondoe gari njiani. Kaka yangu akashuka kwenye pikipiki, suti imejaa vumbi, akaniuliza gari ya akiba iko wapi. Na kwenye umati nikasikia sauti ninayoijua, ya mwanafunzi wa darasa la tano: "Madame, iko nini?"

Nikafungua kapo, nikatoa kifuniko cha delko. Kile kifaa chekundu kilikuwa kimeyeyuka kama mshumaa. Nikapiga hesabu kichwani, hesabu ninayowapa watoto kila mwaka: volti kumi na mbili ukigawa kwa tatu ni ampere nne, lakini bobini ikiwa na nusu ya hiyo, moja na nusu, ni nane, mara mbili ya kile ambacho kifaa kinaweza kubeba. Nilikuwa nalijua jibu hilo tangu dukani. Sikuwa nimejiuliza swali tu.

"Sikupima," nikasema. Kaka yangu akauliza nini. Nikasema kwa nguvu, wote wasikie, "Sikupima bobini. Niliulizwa dukani, nikasema uongo. Kosa ni langu, si la gari."

Neema akatoa kichwa dirishani, shela na yote.

"Tantine, weye unaweza kuitengeneza?"

"Naweza. Nipe dakika kumi na tano."

"Basi siye tuko tunangoja," akasema, akafungua mlango, akashuka, akasimama kando yangu na gauni lake jeupe kama mtu anayelinda mlango wa benki. Hapo hata polisi akarudi nyuma.

Nikavua kiatu kilichobaki. Dereva mmoja wa pikipiki akanipa turnavisi yake, bisibisi fupi. Nikatoa kitambaa kwenye buti, nikakiondoa kile kifaa, nikarudisha meno ya zamani na kondesa yake, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche. Ilibaki kupima nafasi kati ya meno, na nafasi hiyo ni ndogo sana, ikizidi au ikipungua gari haiwaki. Sikuwa na kipimo. Nikamwomba kaka yangu kadi ya mwaliko iliyo mfukoni mwake, nikaingiza pembe yake katikati, nikakaza skrubu mpaka kadi ikawa inapita kwa kusugua kidogo. Nikarudisha kifuniko cha delko, kikataka kuniponyoka, na mkono mwingine ukakidaka. Alikuwa yule mama wa mihogo.

"Leta nikushikie," akasema.

Nikazungusha ufunguo. Gari ikawaka mara ya kwanza.

Jinsi watu wale walivyopiga kelele siwezi kuwaeleza. Fanfare ikatoka mtaroni inapiga tayari, mama wa mihogo akapiga vigelegele na mtoto wake begani, na wanafunzi wangu wakatusindikiza mbio mpaka kanisani wakiimba "madame, madame". Niliingia kanisani peku, kitenge cha njano kina ramani ya grisi, nimechelewa dakika arobaini, na sijawahi kutembea kwa maringo kama siku ile. Jerome, aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya, aliona mikono yangu, akafumba macho, akaendelea kuimba.

Jumanne nilimpelekea gari. Tulipima: moja na nusu. Bobini ile ndiyo iliyokuwa inakula meno miaka yote, hata baba alipokuwa hai, na sisi tulilaumu meno. Nikarudi dukani, nikamweleza kijana ukweli wote, naye hakunicheka. Tukachagua bobini ya ohm tatu, aliyoipima mbele yangu, na kile kifaa cha chuma chenye mapezi, tukakifunga nje, mahali penye hewa.

Jumapili iliyofuata nikawapakia Neema na mume wake tukateremka mpaka Bogoro, kisha tukapanda kurudi, vumbi, jua na kilima chote. Gari haikukohoa hata mara moja.

Na mimi nimeapa. Mtu akiniuliza kitu ambacho sijapima, hata kama nyuma yangu wamesimama wazazi wa shule nzima, nitamjibu: sijui, leta kipimo.