Baiskeli Iliyosubiri Ndege

Enzi za Mwingereza, mtu mweusi aliyepata kupanda ndege alikuwa na haki ya kuringa, na mie haki hiyo niliitumia mapema, wiki tisa kabla ya kupanda. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya ramani mjini Dar es Salaam. Kazi yangu hasa ilikuwa kuandika vibandiko. Hakuna ramani iliyotoka pale bila kibandiko cha mkono wangu kuonyesha inatoka wapi, inakwenda wapi na nani ataipokea. Nalisema hili mapema ili yanayofuata yasije yakadhaniwa kuwa ni makosa ya mtu asiyejua kusoma.

Nilikaa Temeke, katika zile nyumba mpya za serikali zilizofanana mno hata mtu akitoka kazini amechoka aliweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla hajagundua. Baba yangu alikuwa kwetu, nyanda za juu, mbele ya Mbeya. Alikuwa katekista mwenye vigango vitano alivyovizungukia kwa miguu kufundisha na kusalisha, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeanza kuvimba. Aliniandikia kwamba padre amesema waziwazi: Jumapili ya Matawi atakwenda mwenyewe kwenye kigango cha mbali kuliko vyote, na kama mzee hatamkuta amekwisha kufika, kazi atapewa kijana. Baba hakuwa mtu wa kuomba. Baada ya salamu za ukoo mzima aliongeza mstari mmoja: “Nasikia huko baiskeli zipo.”

Niliinunua wiki ileile. Ilikuwa nyeusi, ina karia nyuma na taa ya dinamo mbele, na ilimeza mshahara wangu wa mwezi na akiba kidogo. Nikamwandikia baba: “Baiskeli nimekwisha kuinunua.” Kuisafirisha kwa treni na lori ilikuwa shilingi kumi na nne, na nilikwisha kuziweka kando, wakati bwana mkubwa wa ofisi aliponiita na kuniambia kwamba kabla tu ya Pasaka nitapeleka sanduku la ramani Mbeya, kwa ndege, kwa kuwa huko zinangojewa kwa haraka.

Hapo ndipo akili zilipoanza kunizidi. Nilipiga hesabu nikaona ndege itanifikisha nyumbani Ijumaa, siku mbili kabla ya Matawi. Ya nini kulipa shilingi kumi na nne na kuikabidhi baiskeli kwa wapakiaji wa lori wakaikunje, wakati ndege ya serikali inakwenda kulekule? Hayo ndiyo niliyowaambia watu. Ukweli ni kwamba shilingi kumi na nne hazikunishinda. Nilitaka nishuke kwenye ndege, nipande baiskeli, niingie kijijini napiga kengele, na kila mtu ajue kwamba mtoto wa katekista amekuja kwa njia ya angani na usafiri wake mwingine mkononi.

Basi baiskeli ikangoja, na baba sikumwandikia tena, ili ashtukie tu nimefika. Na kwa kuwa chuma kikikaa bure hushika kutu, nikawa naiendesha mwenyewe. Nilikwenda nayo kazini. Jumapili nilikwenda nayo Kinondoni kwa marafiki, na siku moja niliifikisha hadi Msasani kununua samaki. Jirani yangu, fundi baiskeli mwenyeji wa Pwani, mtu asiyejua kunyamaza, alikuwa akiniona napita ananyanyua spana yake hewani.

“Bwana karani, hiyo si ya mzee?”

“Ya mzee. Namlainishia.”

“Haya. Ila mie naona itamfikia imezeeka kuliko yeye.”

Nilicheka, kwani ilichekesha. Leo najiuliza kwa nini nilicheka tu.

Siku ya safari fundi alinisindikiza hadi uwanjani, njia ya Pugu, yeye akiiendesha baiskeli na mie nikiwa nyuma kwenye karia na sanduku la ramani mapajani. Nilivaa suti. Niliifikisha baiskeli hadi kaunta nikaiegemeza, nikamkabidhi karani wa pale tiketi yangu kama mtu aliyezoea. Yule karani aliitazama tiketi, akaitazama baiskeli, kisha akanitazama mie kwa huruma ambayo sikuipenda.

“Hii nayo inasafiri?”

“Inasafiri.”

Akamwita mpimaji. Mizani yao ilikuwa kubwa, ya jukwaa, kama ile ya kupimia magunia ya karafuu, na haikubagua: ilipima sanduku, ilipima begi, kisha ilimpima na abiria mwenyewe, maana ndege ilikuwa ndogo na rubani alitaka kujua anabeba nini. Kila abiria aliruhusiwa ratili thelathini na tatu za mizigo. Sanduku la ramani, ambalo kwangu mie lilikuwa mali ya serikali lakini kwenye karatasi lilikuwa mali yangu, lilikula ratili kumi na nane. Begi langu likala kumi na tano. Hesabu ikawa imekwisha, na baiskeli haijagusa mizani. Ilipogusa, ilikuwa ratili arobaini na nne, zote za kulipiwa moja moja.

Karani aliandika, akazidisha, akanigeuzia karatasi. Zilikuwa shilingi themanini na kidogo.

“Themanini! Kwani inakaa kwenye kiti?”

“Ingekaa kwenye kiti ingekuwa nafuu, bwana,” akasema. “Uzito wa mtu hatuutozi.”

Alisema kweli. Mtu mnene kama gunia alipita bure mbele yangu, na baiskeli iliyokonda vile ikatozwa. Laiti ningeweza kuimeza, ningesafiri nayo bila senti. Mfukoni nilikuwa na shilingi thelathini na moja za matumizi ya wiki mbili. Fundi alinong'ona kwamba angeweza kuirudisha mjini na kuipeleka kwenye treni jioni ileile. Lakini treni na lori zingeifikisha baada ya Matawi. Baba alihitaji baiskeli Jumamosi asubuhi, si Jumatano. Nilianza kutoka jasho ndani ya suti, na safari hii si kwa ajili ya jua.

Sie tuliozoea mabasi na malori tuna desturi yetu. Ukiwa na mzigo umekuzidi, humlilii kondakta, unawalilia abiria wenzio. Huyu atakushikia kuku, yule atakalia kikapu chako, na mkifika kila mtu anachukua chake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami siku ile niliichukua methali hiyo vibaya, nikaona ni ahadi kumbe ni onyo. Nikageuka kuwatazama wenzangu.

Walikuwapo wawili wenye nafasi. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, mzaliwa wa Dar es Salaam, na mkononi alikuwa na begi dogo tu na kopo la halua. Mwingine alikuwa mtawa, mtu wa nyanda za juu kama mie, aliyekuwa akirudi hospitali ya misheni karibu na Mbeya. Nikawaeleza habari ya baba na mguu wake.

“Lete hapa, bwana,” akasema yule mfanyabiashara kabla sijamaliza. “Mzee wa dini huyo. Mie ratili zangu zimelala bure.”

Fundi hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti mbele ya kaunta akaifungua ile baiskeli kama mtu anayemenya muhogo. Mfanyabiashara alipewa magurudumu mawili. Mtawa akapokea mnyororo, pedali na kiti, kiti akakifunga vizuri kwenye kitambaa cheupe. Ikabaki fremu na usukani wake. Hapo nikalifungua begi langu mbele za watu nikavaa vyote vilivyokuwamo: mashati matatu, suruali mbili, na koti juu ya koti. Begi tupu nikampa fundi arudi nalo Temeke, na nafasi yake ikachukuliwa na fremu. Nilipopanda tena kwenye mizani mpimaji alinikazia macho.

“Ndugu, mbona umenenepa hapahapa?”

“Ni furaha ya safari,” nikajibu.

Ratili zilizozidi zikawa nne tu, nikazilipa nikiwa nimeinua kidevu. Niliona nimewashinda Waingereza, mizani yao na hesabu zao. Karani wa kaunta akatufungia vibandiko: fremu kibandiko changu, kiti na mnyororo cha mtawa, magurudumu cha mfanyabiashara. Nilimwona akiandika. Nilimwona kwa macho yangu haya, mie mtu wa vibandiko, na hata nikamsifu moyoni kwamba ana mwandiko mzuri.

Angani sikuona lolote la kuwasimulia watu. Kwa mashati matatu na makoti mawili nilikuwa napikwa, na ndege ilipoanza kurukaruka juu ya milima nilijiinamia ndani ya mfuko wa karatasi na sikuinuka. Tulipotua Iringa niliusikia mlango ukifunguliwa, nikasikia mtu akinigusa bega na kusema, “Haya, bwana, msalimie mzee.” Niliinua mkono bila kuinua kichwa. Mlango ukafungwa, tukapaa.

Mbeya walishusha sanduku la ramani, fremu na kifurushi cheupe cha mtawa. Nilisubiri. Mpakizi alifunga mlango wa nyuma, akajipangusa mikono.

“Na magurudumu?”

“Yaliandikwa Iringa,” akasema. “Yameshukia Iringa.”

Kwenye basi mzigo humfuata mwenye mali. Kwenye ndege mzigo hufuata karatasi, na kama kuna mtu mmoja Tanganyika nzima aliyelipwa mshahara kwa kulijua hilo, ni mie. Mfanyabiashara naye, kama nilivyokuja kusikia, alikwenda zake akiamini kwamba magurudumu yanaendelea nami, mpaka alipoyaletewa nyumbani kwake palepale Iringa na kutia saini. Mtawa alinipa pole. Aliisema kwa upole sana, na ilinichoma kuliko tusi.

Nikiisha kulikabidhi sanduku la ramani, niliingia kijijini Ijumaa alasiri kwa lori, kisha kwa miguu, fremu begani. Watoto walinifuata wakiuliza ni kitu gani. Baba alikuwa amekaa nje. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaipokea ile fremu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgonjwa. Nikamweleza yote, haraka haraka, na maneno mengi ya ndege na ratili. Alisikiliza hadi mwisho.

“Basi kesho tuondoke mapema,” akasema.

Tulitembea Jumamosi kutwa. Nilikuwa nimezoea kusema “mguu wa baba umevimba” kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Siku ile niliutazama. Kila mwendo mfupi alikaa chini, akaunyoosha, akaukanda kwa kidole gumba, kisha akasimama bila kuniomba mkono. Masika yalikuwa yameanza na kila kijito kilikuwa na utelezi. Nilimbebea mfuko wa vitabu, nikaona aibu, aibu ya wazi isiyo na mzaha ndani yake, kwa kila kilima nilichowahi kukiteremka Dar es Salaam nimekaa kwenye kiti chake.

Tulilala kigangoni. Jumapili padre alipofika kwa gari alimkuta mzee amesimama mlangoni na tawi mkononi, kanzu safi, wimbo umekwisha kuanza. Alifurahi. Alimpiga baba begani.

“Unaona sasa, mwalimu? Miguu ipo bado. Na mlikuwa mnaniambia habari za baiskeli!”

Kazi ikabaki ya baba. Magurudumu nayo yalikuja wiki ya pili, kwa lori, mfanyabiashara amelipa yeye na ameongeza kopo la halua, na baba akaiendesha ile baiskeli miaka mingi. Kwa hiyo watu huniambia mambo yaliisha vizuri, na mie huwaachia waseme.

Lakini Jumanne, tulipokwisha kurudi, baba amelala mchana, mguu juu ya kigoda, nilikaa jikoni na mama. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, bila kuniangalia, kwamba angalau sasa mzee atapumzika siku za Alhamisi.

“Alhamisi kuna nini?”

“Si ndiyo siku ya lori,” akasema mama. “Tangu ulipoandika umeinunua, kila Alhamisi alikwenda pale dukani barabarani kuipokea. Maili sita kwenda, sita kurudi. Wiki tisa. Nikimwambia aache, anasema mtoto wa watu amehangaika kuituma, isije ikafika ikakosa mwenyewe.”