Hesabu za Herufi na Ng'ombe wa Baba

Sheria za darasa la aljebra zilikuwa sita. Nasema sita, ingawa mwenzangu niliyesoma naye aliniambia majuzi kwamba zilikuwa saba, na yeye ana kichwa kizuri kuliko changu. Kama ilikuwepo ya saba, basi sikuivunja, ndiyo maana nimeisahau.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule ya kati ya bweni upande wa Shinyanga, nami nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kaptura yake nyeupe imepigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama imechorwa kwa rula. Tulimcheka kichinichini kwamba ng'ombe alimjulia kwenye mchuzi. Siku ya kwanza aliitikia shikamoo yetu, akageukia ubao, akaandika sheria zake. Tukazinakili ukurasa wa mwisho wa daftari.

Jibu lisiloonyesha njia halipati kitu, hata likiwa sahihi. Kosa lisifutwe, likatwe kwa mstari mmoja, ili lisomeke. Asiyeelewa aseme hajaelewa, na atakayemcheka atasimama mpaka kipindi kiishe. Madaftari yawe mezani kabla ya kengele ya asubuhi. Mwalimu naye akikosea, atakayeona anyooshe mkono. Hiyo ya tano ilitufanya tutazamane. Mwalimu kukosea? Tulikuwa hatujapata kusikia mwalimu akilisema jambo hilo, sembuse kuliandika kwa chaki.

Ya sita ndiyo iliyokuja kuniandama. Kazi isiyomalizika mara tatu, mwenyewe anahamia chumba cha pili. Chumba cha pili walifanya hesabu za kawaida, kujumlisha na kugawanya, na hakuna aliyetoka mle akaenda darasa la tisa. Hilo halikuandikwa popote ila lilijulikana. Nami nilitaka kwenda darasa la tisa kuliko nilivyotaka chakula.

Kisha akaandika herufi moja peke yake katikati ya ubao: x.

"Huyu hatumjui," alisema. "Lakini tutafanya naye kazi kama tunayemjua, mpaka ajitokeze mwenyewe."

Sijui nielezeje nilivyojisikia. Mpaka siku ile namba kwangu ilikuwa punje za mahindi na vidole. Sasa mtu mzima anasimama mbele yetu, anashika kitu asichokijua, anakizidisha, anakipunguza, anakihamisha upande wa pili, na mwisho kinatoka kweupe. Wenzangu walisema nilibaki mdomo wazi, nami sikatai.

Likizo ilipofika nilimweleza baba. Alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, kwenye uzio wa minyaa, ng'ombe wakiingia. Baba hakuwahesabu kamwe. Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa namba, wala hanyooshewi kidole. Ilisemekana ukiwataja idadi wanapungua. Aliwatazama tu wakipita, mwekundu, wa mabaka, yule wa pembe iliyoinama, na mmoja akikosekana alijua kabla wa mwisho hajaingia.

"Tunatafuta kitu bila kukitaja," nikamwambia.

"Na mimi nafanya nini hapa kila jioni?" akasema baba. "Mwambie mwalimu wako aje, tutafundisha pamoja."

Nilicheka, lakini maneno yale nilirudi nayo shuleni kama mtu aliyepewa zawadi. Pengine ndiyo yaliyoniponza, sina hakika.

Kazi ya kwanza baada ya likizo ilikuwa ya mtu mwenye ng'ombe waliogawanywa kwa watoto wake. Niliifanya yote kwa furaha mpaka mstari wa mwisho kasoro mmoja, nikaweka kalamu chini. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: haijamalizika, sifuri. Kazi ya pili ilikuwa ya treni. Sifuri. Ya tatu naikumbuka neno kwa neno. Mzee ana ng'ombe kadhaa. Akiongezewa wengine idadi ile ile, na nusu ya idadi hiyo, na kumi zaidi, watakuwa sitini. Nikaandika njia yote kwa mwandiko mzuri hadi 5x = 100. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliliinua daftari langu.

"Mara ya tatu," alisema. "Kusanya vitu vyako."

Nikafungua dawati. Mwenzangu wa dawati la nyuma, ambaye baba yake alikuwa karani mgodini Geita, akasema, "Mwalimu, huyo anaogopa kuhesabu ng'ombe. Wasukuma wa porini hao. Kwetu mgodini hata mawe yanahesabiwa, na hayajafa."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia asimame mpaka kipindi kiishe, kwa sheria ya tatu. Yule akalalamika kwamba mimi sikusema sijaelewa, kwa hiyo sheria haimhusu. Kwa haki, alikuwa na hoja. Lakini alisimama.

"Ni kweli anayosema?" mwalimu akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo jibu hulijui?"

"Nalijua. Sikutaka kulitaja."

Nusu ya darasa walikuwa wameacha kucheka, maana nao kwao ng'ombe hawahesabiwi. Wao waliandika jibu tu na kunyamaza. Huenda walikuwa na akili kuliko mimi. Na tena, sijui kama kwetu ilikuwa imani tupu au ni ile hofu ya makarani wa serikali waliokuja kuandika mifugo ili ipunguzwe. Mimi nilikuta tu watu wazima hawahesabu.

Mwalimu akachukua chaki. "Huyu mzee hana ng'ombe," akasema. "Ana madebe ya mtama. Akiongezewa mengine kama hayo, na nusu yake, na kumi, yatakuwa sitini. Njoo."

Nikaenda ubaoni. Niliandika hatua zote, na mwisho nikaandika x = 20. "Madebe ishirini, mwalimu."

Akaliweka daftari langu mezani, akaifungua kalamu yake nyekundu. Nilidhani anaandika barua ya kunihamisha. Kumbe alikata ile sifuri ya tatu kwa mstari mmoja, ikabaki inasomeka, akaandika alama mpya pembeni. Akafunua nyuma, akaikata ya kwanza vilevile. "Sheria ya tano," alisema, kana kwamba ndiye aliyenyoosha mkono. Akafika kwenye ya treni, kalamu ikashuka.

Ningenyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza, na sijifanyi kuwa mtu mwema kwa ajili hiyo. Nadhani nilikuwa nimeogopa kiasi cha kutoweza kudanganya.

"Hiyo siyo, mwalimu," nikasema. "Ile ilikuwa treni. Nilisinzia."

Kalamu ilisimama hewani. Kisha akaifunika.

"Basi una sifuri moja," akasema. "Rudi ukae."

Nikarudi dawatini kwangu, chumba cha kwanza. Nyuma yangu mtoto wa karani alikuwa bado amesimama, akanong'ona, "Madebe ishirini ya mtama, na bado unasinzia kwenye treni." Nilikuwa naitazama ile mistari miwili myekundu. Mkono wa mwalimu ulikuwa umeinyoosha sawasawa. Ulikuwa wa mtu anayefanya kazi aliyoiandika mwenyewe ubaoni.

Sikufika darasa la tisa; mwaka uliofuata nafasi zilikuwa chache na walioshinda walinishinda kwa haki. Lakini nilikaa chumba cha kwanza mpaka mwisho, na ile ya treni ilibaki sifuri yangu peke yake. Daftari ninalo. Ng'ombe wa baba sikuwahi kuwahesabu, na katika shajara hizi ninazoziandika sasa uzeeni, nikikosea, nakata kwa mstari mmoja.