Blanketi la Mama Mkwe

Umewahi kuona uchumba unavunjwa na blanketi?

Mimi nimeona. Kwa macho yangu haya, sebuleni kwa watu, Ilala.

Naitwa Bushiri, nauza mikanda Kariakoo. Jirani yangu wa duka ni Isidori, Mchaga wa Rombo, anauza vyombo kwa jumla. Ukutani kwake kulikuwa na kibao kikubwa: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Ukimrudishia sufuria iliyotoboka, anakuonyesha kibao kwa kidole, basi, anaendelea na chai yake.

Huyu Isidori alimpenda Evarista, binti wa Kichaga mwenzake wa Ilala, mpaka sisi majirani tukawa tunamuonea huruma. Akaniteua mimi, mtu wa Pwani, niwe mshenga wake.

Sasa kwa kina Evarista, mahari haijakamilika bila blanketi la mama. Na lifike limefungwa vilevile lilivyotoka dukani. Mama mwenyewe ndiye wa kulifungua, mbele ya ndugu. Ukilifungua wewe, umempelekea mtumba.

Siku moja Evarista akamtumia picha kutoka duka moja la mtandaoni.

"Mama amelipenda hili. Hili hili, Isi."

Mablanketi yamejaa Kariakoo, unayakanyaga! Lakini mama kataka la kwenye picha. Isidori akalipa kwa simu palepale.

Ndipo akasoma maoni ya wateja chini ya picha.

"Matapeli hawa."

"Nimeagiza mashuka nimeletewa mapazia."

Akaandika: "Dada, naghairi oda. Nirudishieni hela yangu."

"Mzigo ushatoka boss."

"Nimelipa sasa hivi tu!"

Akapiga, haipokelewi. Akapiga kwa simu yangu, nikablokiwa na mimi nisiye na kosa.

Mteja mmoja akatuambia sheria ya kumlinda mnunuzi ipo, twende tukashtaki. Tumshtaki nani? Duka lenyewe halina mlango, halina mtaa, na jina limejaa maua na kopakopa.

Jioni boda akaleta begi jeupe lenye picha ya blanketi mbele. Zipu imebanwa kwa lakiri ya plastiki.

"Fungua uangalie, kaka. Nikishaondoka hakuna kurudisha."

"Fungua," nikamwambia Isidori.

"Sifungui. La mama mkwe hili."

"We kichaa? Si umesoma walichoandika watu!"

"Bushiri, nyinyi Waswahili hamjui mambo yetu. Nikikata hii lakiri nimemkosa Evarista."

Akalipima mkononi. "Mbona jepesi?"

"Ya kisasa hayo," boda akasema, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Jumamosi tukaenda Ilala na wazee wetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni."

Mama Candida, mama yake Evarista, akakata lakiri huku anatabasamu. Akavuta zipu. Kwanza vikatoka vipande vya sponji. Kisha kiblanketi cha mtoto mchanga, cha bluu, kina vitembo.

Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama akamgeukia Isidori. "Baba, ndiyo umeamua kutuambia hivi?"

Isidori akafungua mdomo aeleze habari za matapeli. Hakuwahi. Shangazi mtu kashapiga vigelegele, wanawake wakadakia, mjomba kamkumbatia: "Hongera baba! Ungesema tu!"

Mimi nikacheka. Nikajua tutaeleza, watatuelewa, yataisha.

Evarista akapiga magoti mbele ya Isidori, analia, kamshika miguu.

"Kumbe ulijua," akasema. "Ulijua, na bado umekubali kumlea. Mungu akubariki, Isi."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Jamani. Isidori alikuwa hajamgusa yule binti. Walikubaliana mpaka kanisani. Aliniambia mwenyewe, na mimi nilimcheka.

Hakupiga kelele. Aliitoa ile mikono taratibu, akaokota kiblanketi, akakikunja vizuri, akamwekea mapajani. Tukaondoka.

Tunafika Kariakoo, ujumbe unaingia. Lile duka!

"Tumepokea ombi lako la kughairi. Rudisha bidhaa ikiwa haijatumika."

Akasoma, akanipa simu nisome.

Hela hakurudishiwa mpaka leo. Mtoto kazaliwa, na nasikia kiblanketi kile ndicho anachofunikwa. Isidori hajaoa. Ukimtajia kuoa anaanza kupanga hotipoti ambazo zimeshapangwa.

Basi ndugu zangu, mzigo ukija, fungueni boda akiwa palepale. Mama mkwe akinuna, anune. Hapa mjini ukishalipa umelipa, sheria iwepo isiwepo, hakuna wa kukurudishia.

Labda Isidori peke yake. Kile kibao alikibandua siku ile ile. Siku hizi ukimpelekea sufuria iliyotoboka anaipokea, anakupa nyingine, wala haulizi imekuwaje.