Mgawo wa Haki wa Mzee Margwe

Leonida aliolewa Buger akitokea upande wa Mbulu, na kilichomshangaza ukweni hakikuwa ukali wa mama mkwe, maana huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Lilikuwa shamba. Lilishuka kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, limekatwa vipande virefu vyembamba kama mishipi, na kila kipande kililimwa kwa kushuka. Kwao walilima kwa kukatiza mteremko na kuweka matuta ya kuzuia maji. Alipouliza, mumewe alicheka tu, akamwambia hapa si kwenu. Bibi harusi mgeni hashindani. Alimeza maneno, akashika jembe.

Sababu aliielewa baadaye, na ilimfanya ampende baba mkwe. Mzee Margwe alikuwa mtu wa haki. Kileleni udongo ulikuwa mwepesi, bondeni mweusi na mnene, na mzee hakutaka mwanawe yeyote alalamike kwamba amepewa mifupa huku mwenzake akipewa nyama. Hivyo kila mtoto wa kiume alipata kipande kinachoanzia juu hadi chini, kibaya kidogo na kizuri kidogo. Wanawe wakafanya vivyo hivyo kwa wana wao. Nani angelaumu? Lakini kipande chembamba hakilimiki kwa kukatiza. Ng'ombe wa plau wakipiga hatua chache tu, wamo kwenye maharage ya jirani. Lazima washuke nacho. Kila mstari wa plau ukawa mfereji, na kila masika maji yakapita humo, yakaubeba udongo na kuupeleka kwa watu wasiowajua.

Njaa ilipozizoea nyumba zao, ukoo ulikuwa na jibu tayari: laana. Eti bibi mmoja wa zamani alinyimwa maziwa, akawaapiza mpaka wajukuu. Mlinzi mkuu wa hadithi hiyo alikuwa Josephati, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Leonida, mtu wa kwanza kuingia kanisani Jumapili na wa kwanza kutafuta kondoo wa tambiko Jumatatu. Kondoo walichinjwa, wakaliwa, na korongo lililochimbwa na maji katikati ya shamba likaendelea kupanuka. Nyama ilikuwa tamu, hilo halina ubishi.

Mwaka huu Julius, mwana wa Leonida, alipata mchumba, akaomba sehemu yake. Mama akaenda kutazama atamkatia wapi. Upana aliouona haukuzidi sana ng'ombe wawili waliofungwa nira. Akakaa chini palepale akalia, kwa kuwa aliwaona wajukuu ambao hawajazaliwa wakigombania mtaro mmoja.

Kwa hiyo siku ukoo ulipokutana uani kwa Josephati kubariki mgawo na kuiondoa laana kwa mara nyingine, aliomba kusema kabla kondoo hajachinjwa. Wanawake wakatazamana. Desturi ya mikutano ile ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite.

"Shemeji, na ninyi nyote, mnisamehe," alisema. "Julius simpi kipande. Sisi hatuna laana, tuna mgawo wa baba. Alitupenda wote sawasawa, na upendo wake ndio unaotulaza na njaa."

"Unamtukana marehemu baba kwenye uwanja aliotuachia, Mama Julius?" Josephati aliuliza.

"Namheshimu. Ndiyo maana nimenyamaza tangu nilipoolewa, na udongo ukaondoka nikiutazama. Tuing'oe mipaka, shemeji. Tulime kwa kukatiza, tuweke matuta, ndipo tugawane upya. Mmoja achukue juu, mwingine katikati, mwingine chini."

"Na huko juu kwenye mawe atapewa nani?" Julius aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeona harusi ikimponyoka.

Hapo hata waliokuwa wakiitikia kwa vichwa waliacha. Leonida alifungua kinywa aseme "mimi", neno likagoma kutoka. Maharage ya bondeni ndiyo yaliyomlisha tangu awe mjane, na aliogopa, aliogopa kwelikweli.

Josephati alikuwa ameinamisha kichwa. Watoto wake walikuwa Karatu mjini, Piusi akiosha magari ya watalii, Eunike akifua mashuka kwenye loji, na kwa miaka yote alimweleza kila mtu kwamba laana ndiyo iliyowatoa nyumbani.

"Kwa hiyo wanangu hawakufukuzwa na yule bibi," alisema polepole. "Niliwafukuza mimi, na plau langu."

Leonida alikuwa ametamani siku ya kumshinda huyu mzee kwa hoja, na sasa alitamani angeweza kumdanganya, amwambie sivyo.

"Laana ilikuwa nafuu," Josephati alisema. Akajifuta uso kwa kiganja. "Huko juu nipeni mimi. Miaka yangu ya kula imebaki michache."

Watu wakaguna. Julius alitazama chini, aibu imemjaa. Na ndipo ulimi wa Leonida ulipofunguka.

"Hutakaa huko peke yako, shemeji," alisema, akijua kabisa kwamba anayaaga maharage yake. "Nusu ya mawe ni yangu."